Moshi Nisioupigia Hesabu

3 Novemba

Leo saa nne asubuhi nimeweka sahihi yangu kwenye ubao mweupe wa chumba cha utabiri, kwa kalamu nyekundu. Ndivyo tunavyofanya kituoni kwetu kila mwanzo wa majira ya joto: anayetabiri mvua ya kwanza huandika tarehe kwa mkono wake, husaini, na hakuna ruhusa ya kufuta mpaka mvua inyeshe. Aliyekosea hutazamana na sahihi yake kila anapokwenda kumimina chai. Nimeandika: mvua ya kwanza, kati ya tarehe 12 na 14. Mwaka wa tisa huu naandika, na sijawahi kupitwa zaidi ya siku moja. Mkuu wa kituo akasoma, akavua miwani, akasema, "Unajiamini wewe." Nikamwambia nisipojiamini mimi, wasikilizaji wa redio wamwamini nani, mtangazaji? Yule akiona wingu anauliza kama ni letu.

Tangu Jumapili kuna moto wa msitu vilimani, upande wa mashariki. Mdogo wangu wa kiume ndiye kiongozi wa kikosi cha zimamoto cha msituni. Wako kumi na wanne, yeye akiwemo. Amenipigia simu kuuliza upepo wa kesho, nikampa, akanishukuru kama mtu aliyepewa maji ya kunywa.

4 Novemba

Nyuzi joto 34, kama nilivyosema. Anga safi. Hakuna la kuandika.

5 Novemba

Mama amehamia kwangu. Yeye anasema hajahamia, amepita tu. Amekuja na kibegi kimoja, kama mtu anayekwenda harusini kulala siku mbili, na ameweka viatu vyake mlangoni vikitazama nje.

Nyumba yake iko chini ya mgongo wa kilima, upande wetu. Moto uko upande wa pili wa mgongo huo, lakini moshi hauna adabu, unavuka tu, na kifua cha mama hakiuwezi. Majirani zake wa nyumba nane nao wameondolewa, wamelazwa kwenye madarasa ya shule hapa mjini. Nyumba ile aliijenga mwenyewe baada ya baba kufariki, chumba baada ya chumba, kwa mshahara wa ualimu, miaka kumi na mmoja. Mimi na mdogo wangu tulibeba mchanga kwa ndoo. Bado nakumbuka siku ya kupandisha mabati, mama alipika kwa mafundi kisha akaingia ndani, akalala sakafuni katikati ya sebule kutazama dari lake.

Asubuhi, kabla sijaondoka, ameniuliza habari ya utabiri ninaosoma redioni kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni.

"Jana ulisema uwezekano wa mvua ni asilimia kumi."

"Ndiyo, mama."

"Asilimia kumi ndiyo nini? Nianike nguo au nisianike?"

"Anika tu."

"Basi si useme anika!"

Nikamweleza kwamba katika siku kumi kama ile, moja hunyesha. Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyekosa kuandika kazi ya nyumbani. Amenipa jina jipya: Bi Asilimia. Kufikia jioni mwenye duka la chini naye ameshalijua.

7 Novemba

Moshi umeshuka mpaka mjini. Nyumba za mtaa wa pili hazionekani vizuri. Nilitabiri nyuzi 35, kipimajoto cha uwanjani kimesoma 31.

8 Novemba

Nilitabiri 36. Kimesoma 31. Kipimajoto kimezeeka, kimeanza kusema uongo. Nimeandika barua ya kumwita fundi wa vipimo.

9 Novemba

Nimetabiri 36, kimesoma 30. Mdogo wangu anasema wanakata mkanda wa kuzuia moto juu kabisa mgongoni: wanafyeka majani na kufukua udongo, upana wa hatua sita, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Maji yao yako kwenye matangi mawili yaliyobebwa na trekta. "Tuko juu ya nyumba kabisa, dada," akasema. "Mama angetuachia mtu wa kutupikia chai." Nilipomfikishia mama salamu hizo alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

10 Novemba

Fundi amekuja na kipimajoto kipya ndani ya boksi lake. Akakifunga, tukasubiri. Saa nane mchana kikasoma 31.

"Mama, labda cha zamani hakikuwa kibovu," akasema, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

Nikamwambia basi atazame kile kisanduku cheupe kinachokifunika, labda hakipitishi hewa. Akakitazama, akakipaka rangi upya, akaondoka. Kwa kweli sikumpenda sana fundi huyo leo.

12 Novemba

Mvua hakuna. Ni sawa, nilisema kati ya 12 na 14.

13 Novemba

Hakuna. Mchana yaliinuka mawingu magharibi, yakapanda kidogo, yakakaa chini tena. Nimemwambia mdogo wangu kesho ndiyo siku yenyewe. Mtangazaji amenitania hewani: "Bi Asilimia, tubebe miavuli?" Sijui nani amemfikishia jina hilo. Nikasema wabebe.

14 Novemba

Hakuna hata tone.

Saa tisa mchana nilikuwa nimesimama uani kwenye moshi, nikitazama juu na macho yanachonyota. Walionibebea miavuli walikuwa wanapita barabarani wakirudi majumbani, na kila mwavuli niliuona ukinisema. Mwenye duka aliufungua wake nilipopita, humo humo dukani, akakaa chini yake. Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na kicheko.

Kisha mdogo wangu akapiga simu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Dada, za kazi?"

"Njema. Vipi huko?"

"Watu wamechoka. Jana tumemaliza maji ya matangi yote mawili."

"Yote? Kwa nini?"

"Si ulisema leo itanyesha? Niliona hakuna haja ya kubakiza. Trekta haliwezi kupanda tena mpaka njia isafishwe, miti imeanguka."

Akasema watashika mkanda kwa reki na majembe, basi. Akasema, "Usijali, dada." Hilo ndilo ninalolisikia mpaka sasa ninapoandika.

15 Novemba

Nimeliona kosa, na ni langu.

Nilifika kituoni mapema, nikatandaza mezani joto nililotabiri na joto lililopimwa, siku nane. Kila siku tofauti ni nyuzi nne, tano, sita, tena tofauti inakua kadiri moshi unavyozidi. Kompyuta kubwa inayotutumia hesabu haijui kwamba kuna moshi. Yenyewe inaona jua kali, ardhi inaiva, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, mvua. Huku chini sisi tuko chini ya blanketi. Jua halifiki ardhini, ardhi haiivi, hewa haipandi, na mawingu yakiinuka kidogo yanakaa chini kama yale ya juzi. Hata mtoto akikaa kivulini anajua pana baridi kuliko juani. Mimi nilikaa kivulini siku nane nikilaumu kipimajoto.

Nimempigia fundi kumwomba radhi. Akasema, "Aa, yameisha, mama," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwasimulia wenzake wote.

Halafu saa kumi na mbili na nusu nikaingia hewani. Nikasema: mvua niliyowaahidi haikuja kwa sababu sikuupigia moshi hesabu. Mpaka moshi utakapoondoka, mvua msiisubiri. Walio na maji wayatunze. Mtangazaji alikaa kimya sekunde kama tatu, jambo ambalo halijapata kutokea kwenye redio ile.

Niliporudi mama alikuwa anachagua mchele. "Leo umesema vizuri," akasema bila kuinua kichwa. "Nimeelewa kila neno."

Ajabu ni kwamba leo najiamini kuliko tarehe 3. Sasa najua kinachonizuia kuona.

16 Novemba

Nyuzi 30. Nilitabiri 30.

17 Novemba

Nilitabiri 29, ikawa 29. Mkuu ameacha kunitazama kwa huruma. Moto umekaribia mgongo, mdogo wangu anasema usiku wanaona mwanga wake ukiwamulika usoni. Mkanda umeshika.

18 Novemba

Upepo wa juu utageuka. Kesho alfajiri utatoka magharibi na kuusukuma moshi wote nyuma, mashariki. Ukiondoka moshi, jua litagonga ardhi ambayo haijalionja kwa wiki mbili. Nimetabiri nyuzi 37 na mvua ya ngurumo vilimani mchana. Mama ameuliza, "Asilimia ngapi?" Nikajibu, "Anua nguo." Tumecheka wote wawili, na ametaja kwamba Jumamosi atarudi kwake.

19 Novemba

Nitaandika kama yalivyokuwa, nisije nikaanza kujipamba baadaye.

Asubuhi anga lilikuwa limeoshwa. Watu walitoka kwenye vibaraza wakitazama vilima kama wageni. Kufikia saa tano joto lilikuwa nyuzi 35 na mawingu yalikuwa yanapanda vilimani kwa kasi ambayo sijaiona miaka mingi. Kila mtu kituoni alifurahi. Mimi nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kwa sababu wingu la namna ile halimwagi mvua kwanza. Linamwaga upepo. Hewa ya juu ikipoa kwa mvua inaporomoka, inapiga ardhi na kutawanyika pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni, na mvua inafuata nyuma. Chini ya wingu hilo kuna moto. Mbele ya moto kuna mkanda wa hatua sita, na kwenye mkanda wamesimama watu kumi na wanne wenye reki, bila maji. Maji hawana kwa sababu yangu.

Nikaingia kwa Mkuu.

"Mvua nimekubali," akasema. "Huo upepo una uhakika nao?"

"Sina karatasi ya kukuwekea mezani. Nina miaka kumi na saba ya kuyatazama mawingu haya."

"Wakishuka na upepo usije, moto utavuka mgongo wenyewe polepole. Nyumba tisa. Watasema ni sisi, na baada ya tarehe 14 nani atatutetea?"

"Nyumba moja kati ya hizo ni ya mama yangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwenye amri ya kuwashusha ni kiongozi wao," akasema. "Wewe mwambie unachokiona."

Saa sita na nusu nikampigia mdogo wangu. Alikuwa na furaha.

"Dada! Leo kumefunguka, naona mpaka mjini! Mvua inakuja?"

"Inakuja. Lakini upepo utatangulia. Washushe watu."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa nane muwe barabarani. Acheni kila kitu, msibebe hata jembe."

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa na mwingine akicheka jambo fulani.

"Dada, unajua tuko wapi?"

"Najua."

"Nikigeuza kichwa naona paa la mama. Tukitoka hapa..."

"Najua mlipo."

"Na tarehe 14 ulisema itanyesha."

"Tarehe 14 nilikosea. Leo sikosei."

"Asilimia ngapi?"

"Usiniulize asilimia. Mimi dada yako nakwambia, washushe."

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha, si kwangu, kwa sauti ya kazi: "Wekeni chini! Wote! Tunashuka!"

Saa saba nikatoa tangazo redioni. Nilijua nani anasikiliza, kwenye kiti kipi, na redio imewekwa wapi mezani. Nikasema kikosi kinaondoka mgongoni kwa ushauri wa kituo cha hali ya hewa, na nikataja kwamba ushauri ni wangu.

Saa nane ikafika. Majani ya mti wa uani hayakutikisika. Saa nane na dakika kumi, hayakutikisika. Mkuu akaja mlangoni, akaondoka, akaja tena. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kwamba nimechoma nyumba ya mama yangu kwa mdomo, na nikaogopa zaidi nilipojikuta naomba upepo uje.

Saa nane na dakika ishirini na tatu dirisha la chumba cha utabiri likajibamiza. Kipimaupepo kikaenda kilomita 82 kwa saa. Karatasi zote zikaruka. Vilimani pakatokea wekundu mrefu kuliko mgongo wenyewe, kisha moshi ukafunika. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Saa tisa na dakika tano ikaanza mvua, kubwa, yenye kelele. Watu wakatoka nje kuloana kwa makusudi, mtangazaji akalitaja jina langu hewani mara tatu, na mimi nikawa nimeshika simu kwa mikono miwili nikiipiga tena na tena.

Saa kumi ikaita.

"Tupo," akasema. "Kumi na wanne, wote. Tuko chini ya daraja."

Nikakaa sakafuni.

"Na nyumba?"

"Hakuna, dada. Zote tisa. Haikuzidi dakika sita."

Mvua ilipimwa milimita 24. Nilifuta ubao, kama sheria inavyoniruhusu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa. Nikaanza, "Mama..." Akasema, "Nimesikia." Akaingia chumbani.

20 Novemba

Mvua nyepesi. Moto umezimika. Mama hasemi nami.

21 Novemba

Leo amesema. Nilikuwa namwekea chai.

"Hukuweza kuwaacha hata wawili?" akauliza. "Wawili tu, wa kutupia udongo paani?"

"Mama, wasingeweza."

"Ulikuwepo?"

Nilikuwa na kasi ya upepo, nilikuwa na joto, nilikuwa na kila kitu ambacho si jibu. Analia akiwa bafuni, bomba limefunguliwa, akidhani sisikii. Namuonea huruma mpaka naumwa, na bado ningepiga simu ile ile, dakika ile ile. Sitamdanganya kwamba najuta.

22 Novemba

Mkuu anasema makao makuu wanataka niandike jinsi ya kuhesabu moshi. Nimeandika kurasa nne. Ukurasa wa kwanza umemtaja fundi.

23 Novemba

Nyuzi 28. Mama amekula kidogo.

24 Novemba

Mdogo wangu amekuja na gari, nyusi hana, ziliungulia darajani, na mama akasema twende akaone.

Kuta za nyumba zimesimama, nyeusi. Mabati yamekunjamana chini kama nguo chafu. Mama alizunguka mara moja, polepole, akagusa kizingiti cha chumba cha kwanza alichojenga. Nilikaa mbali. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Mlikuwa mmesimama wapi?"

"Kule juu, mama."

"Nipeleke."

Tulimshika huku na huku, tukapanda. Mkanda bado unaonekana, hatua sita za udongo, na pande zote mbili zake ni jivu tupu. Mawe yamepasuka kwa joto. Na pale chini, kwenye mkanda wenyewe, ndizo reki na majembe walizoweka chini saa sita na nusu. Mipini imeungua yote, imebaki vyuma, kila kimoja mahali mtu wake alipokuwa amesimama.

Mama akakitazama cha kwanza. "Hiki cha nani?"

"Cha mpishi wetu."

Akasogea. "Na hiki?"

"Cha yule kijana aliyeoa mwezi uliopita."

Akaendelea hivyo, chuma kwa chuma, akiuliza, na mdogo wangu akijibu. Baada ya cha kumi na tatu akafika cha mwisho.

"Na hiki?"

"Hicho changu, mama."

Meno ya reki yalikuwa yamepinda kama nta. Mama akakaa chini pale pale kwenye jivu, na nguo yake nzuri, akashika kile chuma kwa mikono yote miwili. Akalia kwa sauti, mbele yetu, bila bomba.

"Siku tano," akasema. "Siku tano nalilia mabati."

Kisha akaninyooshea mimi mkono, nimwinue. Nikamwinua. Tukashuka mpaka kwenye gari, na mkono hakuuachia.